Sasisho la BIOS Limekwama: Mwongozo Kamili wa Kuifufua Bodi Mama ya Kompyuta ya Mezani

Skrini ni nyeusi, feni zinazunguka, na mara ya mwisho ulipotazama sasisho la BIOS lilikuwa limepita nusu. Usibonyeze kitufe cha kuwashia. Usichomoe waya. Tazama saa, kisha subiri nusu saa nzima.

BIOS, yaani programu ya kwanza kabisa inayoamka ukiwasha kompyuta, hukaa ndani ya chipu ndogo yenye miguu minane, kwa kawaida ya megabaiti 16 au 32. (Jina lake la siku hizi ni UEFI, ila mafundi wengi bado husema BIOS.) Chipu hiyo huandikwa kipande kwa kipande: kipande hufutwa kwanza, ndipo huandikwa upya, kisha kinafuata kingine. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ndani ya chipu hubaki mchanganyiko wa BIOS mpya, ya zamani na sehemu tupu, na bodi haina pa kuanzia.

Hata hivyo, skrini nyeusi peke yake haithibitishi kwamba hayo yametokea. Baada ya kuandika, mashine hujizima na kujiwasha yenyewe, wakati mwingine mara mbili au tatu. BIOS mpya pia huwa haina vipimo vya RAM vilivyokuwa vimehifadhiwa, kwa hiyo bodi huipima RAM upya tangu mwanzo. Kwenye bodi za AMD za soketi AM5 (soketi ni pale prosesa inapokaa) zinazotumia RAM ya DDR5, kipimo hicho cha kwanza huweza kula dakika kadhaa bila picha yoyote, na RAM ikiwa nyingi ndivyo muda unavyorefuka. Kama bodi yako ina taa ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, taa ya DRAM ikikaa imewaka muda mrefu wakati huu si habari mbaya hata kidogo. Inaonyesha kwamba BIOS iko hai na inafanya kazi yake. Anayezima mashine hapo huilazimisha ianze kupima upya.

Jua kwanza limekwamia wapi

Sasisho hukwama kabla ya kuandika, wakati wa kuandika, au baada ya kuandika. Dawa ni tofauti kabisa, na wengi hupoteza siku nzima wakitibu ugonjwa usiokuwepo.

Kama ulipata ujumbe wa kukataliwa, mfano "Selected file is not a proper BIOS" kwenye ASUS au "Invalid BIOS image" kwenye Gigabyte, basi hakuna kilichoandikwa na bodi ni nzima. Kosa liko kwenye faili. Aghalabu ni faili la zip ambalo halikufunguliwa, au ni la bodi yenye jina linalofanana na yako: herufi moja mwishoni mwa jina la modeli, au neno WiFi, hutenganisha bodi mbili. Gigabyte nao hutoa modeli ileile kwa matoleo ya rev. 1.0, 1.1 na kuendelea, na kila moja huweza kuwa na BIOS yake. Alama hiyo ya rev imechapwa kwenye bodi yenyewe, karibu na ukingo. Soma pia maelezo yaliyo chini ya kila toleo kwenye ukurasa wa kupakua, maana wakati mwingine mtengenezaji hutaka upitie toleo fulani la kati kabla ya kufika la karibuni. Faili likikataliwa, usitafute programu ya kulilazimisha. Ukaguzi ule ndio uliokuokoa.

Kama nembo ya mtengenezaji inaonekana, au unaweza kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio kwa Delete au F2, BIOS imeingia salama. Kisichowaka ni Windows, na sababu ni mipangilio iliyorudi ya kiwandani. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Kama hakuna picha lakini taa za bodi zinabadilika, au tarakimu za msimbo kwenye kidirisha cha bodi zinasonga mbele, BIOS inaendeshwa na imekwama kwa kitu fulani: RAM, kadi ya picha, au prosesa isiyotambulika. Hilo la prosesa linatokea zaidi kwenye bodi za AM4. Nafasi ya megabaiti 16 haikutosha kubeba prosesa zote za soketi hiyo, hivyo baadhi ya matoleo mapya yaliondoa prosesa za zamani kama zile za mfululizo wa A ili kuzipisha mpya. Sasisho linafaulu vizuri, kumbe toleo lenyewe haliifahamu tena prosesa uliyonayo. Dawa yake ni kurudisha toleo la zamani kwa kitufe kitakachoelezwa hapa chini.

Feni zikizunguka kwa kasi moja, hakuna mlio, hakuna taa inayobadilika, kibodi haiwaki, na hali ni hiyohiyo kila unapowasha: hapo ndipo pa kushuku kwamba chipu imeandikwa nusu.

Anza na yasiyo na hatari

1. Nusu saa ikishapita, zima swichi ya pawa saplai iliyo nyuma na uchomoe waya wa umeme. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe.

2. Futa mipangilio iliyohifadhiwa (CMOS). Toa betri ya bodi, ile ya duara ya CR2032. Iache nje dakika 10. Kisha gusanisha kwa bisibisi pini mbili zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1 kwa sekunde 10 hivi. Kama bodi ina kitufe cha Clear CMOS nyuma, kitumie hicho, ila waya wa umeme uwe umechomolewa. Ukiwa na mita, ipime betri: ikiwa chini sana ya volti 3, weka mpya.

3. Bakiza RAM kijiti kimoja. Kwenye bodi ya nafasi nne kiweke nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, ambayo kwa kawaida huitwa A2. Ondoa SSD, diski na kila kifaa cha USB isipokuwa kibodi.

4. Badilisha njia ya picha. Hii hudharauliwa, nayo ndiyo hufumbua mafumbo mengi. BIOS mpya huweza kurudi ikiwa imezima CSM, yaani ule uwezo wa kuendana na vifaa vya zamani, na kadi ya picha ya zamani isiyo na UEFI haitaonyesha kitu hadi Windows iwake. Chomoa kadi na utumie tundu la picha la bodi, kama prosesa yako ina uwezo huo. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina, na Ryzen nyingi za kabla ya mfululizo wa 7000 zisizo na herufi G hazina pia. Hapo azima kadi mpya kidogo. Kama kadi imeunganishwa kwa waya wa kurefusha PCIe, ichomeke moja kwa moja kwenye bodi, kwa sababu mpangilio uliokuwa umepunguza kasi ili uendane na waya huo umefutika.

5. Rudisha betri na waya wa umeme, washa, subiri dakika 15 bila kugusa.

Ukipata picha, umemaliza kazi kubwa. Usipoipata, endelea.

Kitufe cha kuandika BIOS upya

Bodi nyingi za kisasa zina kitufe nyuma chenye saketi yake yenyewe inayosoma flashi na kuandika chipu bila kuhitaji prosesa, RAM wala BIOS iliyo hai. Kama bodi yako inacho, chipu iliyoandikwa nusu si msiba. Majina hutofautiana: ASUS huita BIOS FlashBack, MSI ni Flash BIOS Button, Gigabyte ni Q-Flash Plus, ASRock ni BIOS Flashback.

Ugumu wake hauko kwenye kitufe, uko kwenye flashi. Tafuta flashi ya zamani ya USB 2.0, ya gigabaiti 4 hadi 32. Zile mpya za kasi kubwa mara nyingine hazisomwi na saketi hii. Iwe na kigawanyo kimoja tu, aina ya MBR, na ifomatiwe FAT32. NTFS na exFAT hazifai. Flashi yenye kitaa kinachomweka ikisomwa ni bora zaidi, maana utaona kwa macho kama bodi inaisoma au la.

Pakua BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa kompyuta nyingine, fungua zip, na uweke faili la BIOS peke yake, nje ya folda yoyote. Sasa jina:

- MSI: MSI.ROM
- Gigabyte: GIGABYTE.bin
- ASRock: creative.rom
- ASUS: faili la .CAP hubadilishwa jina na programu ndogo ya BIOSRenamer iliyomo ndani ya zip hiyohiyo. Kila modeli ina jina lake.

Kabla ya kubadilisha jina, iamuru Windows ionyeshe viendelezi vya majina ya mafaili. Vinginevyo unaweza kuishia na GIGABYTE.bin.bin ilhali machoni unaona jina sahihi.

Chomeka flashi kwenye tundu lenye alama ya BIOS au Flash BIOS, au lililozungushiwa mstari. Matundu mengine hayafanyi kazi hata kidogo. Unganisha waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, washa swichi ya pawa saplai, lakini usiwashe kompyuta. Shikilia kitufe sekunde 3, hadi taa ianze kumweka (kwenye ASUS itamweka mara tatu), kisha achia. Kazi huchukua dakika kadhaa. Gigabyte huchukua takriban 6 hadi 8. Taa ikizimika, imekwisha.

Taa ina lugha yake. Kwenye ASUS, ikimweka sekunde tano kisha ikabaki imewaka bila kumweka, bodi imeshindwa kulisoma faili: ama flashi haikukaa vizuri, ama jina au fomati si sahihi. Kwenye ASRock, taa ya kijani iliyotulia bila kumweka ina maana hiyohiyo. Isipowaka kabisa kwenye ASRock, chomoa umeme, toa betri ya CMOS kwa dakika chache, kisha ujaribu tena. Usikate tamaa kabla ya kujaribu flashi tatu tofauti. Huo si utani: bodi ileile huikataa flashi moja na kuikubali nyingine bila sababu inayoonekana.

Bodi isiyo na kitufe hicho

Bodi kadhaa za Gigabyte zina chipu mbili, moja ya akiba, kwa jina DualBIOS. Nyingine hujihamisha zenyewe zikigundua kuwa chipu kuu imeharibika, na nyingine zina swichi ndogo kabisa ya kuhamisha kwa mkono. Itafute karibu na chipu zenyewe. Zima umeme, hamisha swichi, washa kwa chipu ya akiba. Ukishaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, na mashine ikiwa bado inawaka, rudisha kwanza swichi ilipokuwa, ndipo uanze kuandika. Ukisahau, utaandika juu ya chipu nzima uliyobaki nayo.

Bodi nyingi za ASUS zina CrashFree BIOS 3. Hii inategemea kipande cha mwanzo cha BIOS kuwa kimesalimika. Weka faili lenye jina lililotajwa kwenye kitabu cha bodi ndani ya flashi ya FAT32, chomeka, washa, nayo hulitafuta yenyewe. Bodi za zamani zenye BIOS ya AMI zilifanya jambo hilo kwa faili la AMIBOOT.ROM na vitufe vya Ctrl na Home.

Kompyuta za Dell na HP zina njia zao. Kwenye Dell nyingi, shikilia Ctrl na Esc huku ukichomeka waya wa umeme, na usiachie hadi ukurasa wa uokoaji uonekane. Flashi ya uokoaji huwa na faili la BIOS_IMG.rcv. Kwenye HP, shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, bonyeza kitufe cha umeme sekunde 2 hadi 3, uachie cha umeme huku vile viwili ukiendelea kuvishikilia. Zote mbili zinataka kibodi ya waya.

Programa ya nje: pale yote yaliposhindikana

Hapa unaiandika chipu moja kwa moja. Unahitaji programa ya USB, yaani kifaa cha kusoma na kuandika chipu (ile ya CH341A ndiyo rahisi kupatikana), klipu ya miguu minane aina ya SOIC-8, kompyuta nyingine, na mita. Kama bodi bado ina dhamana, kazi hii mwachie mtengenezaji.

Tafuta chipu kwanza. Ina maandishi kama W25Q128 au W25Q256 ya Winbond, au MX25 ya Macronix. Soma herufi zote, kwa sababu ndizo zinazotaja volti. W25Q128JV na MX25L ni za volti 3.3. W25Q128JW na MX25U ni za volti 1.8, na hizi utazikuta kwenye bodi nyingi tu za AMD. Kuipa chipu ya 1.8 umeme wa 3.3 kunaweza kuiua, kwa hiyo weka adapta ya volti 1.8 kati ya programa na klipu.

CH341A nyingi za rangi nyeusi zina ila nyingine inayojulikana: pini ya 8 hutoa volti 3.3 kama inavyotakiwa, lakini pini za data hupanda hadi 5. Kabla ya kuigusa bodi, pima pini ya 1 ukilinganisha na ya 4, ambayo ndiyo hasi. Ukiona 5, tumia programa nyingine au iliyokwisha kurekebishwa.

Chomoa kila kitu kwenye bodi: waya wa 24, wa 8, na betri. Kitone kidogo kwenye kona ya chipu huonyesha pini ya 1. Waya mwekundu wa klipu uangukie hapo. Kwenye Linux, soma chipu mara mbili kwa programu ya flashrom:

`flashrom -p ch341a_spi -r zamani1.bin`
`flashrom -p ch341a_spi -r zamani2.bin`
`sha256sum zamani1.bin zamani2.bin`

Nakala mbili lazima zilingane herufi kwa herufi. Zisipolingana, au zikiwa zimejaa FF au 00 tupu, klipu haijashika vizuri, au umeme wa programa unavuja kwenda kulisha sehemu nyingine za bodi. Safisha miguu ya chipu kwa pombe ya kusafishia, bana klipu upya, fupisha waya. Ikishindikana, itabidi chipu ing'olewe kwa hewa moto, ila kwa bodi za zamani zenye chipu iliyokaa kwenye soketi, ambayo huchomolewa kwa mkono. Usiandike chochote kabla ya kupata nakala mbili zinazofanana.

Na nakala hiyo ya zamani usiifute, hata kama imeharibika. Ndani yake mna namba ya mashine, anwani ya MAC ya mtandao, na kwenye kompyuta zilizouzwa na Windows yake, ufunguo wa leseni. Faili la mtengenezaji halina vitu hivyo.

Sasa linganisha ukubwa. Chipu ya megabaiti 16 ni baiti 16,777,216 kamili. Ya 32 ni 33,554,432. Faili likizidi, lina kichwa cha ziada. Kwa .CAP nyingi za ASUS ziada ni baiti 2048, na huondolewa hivi:

`dd if=bodi.CAP of=mpya.bin bs=2048 skip=1`

Ziada ikiwa namba nyingine, weka hiyo badala ya 2048. Faili likipungukiwa, jambo la kawaida kwa kompyuta za Dell na HP za Intel, lina sehemu ya BIOS tu. Ukiliandika lilivyo utaipoteza sehemu ya Intel ME (programu ya Intel yenyewe) iliyoko kwenye chipu. Fungua nakala ya zamani kwa programu ya UEFITool, tazama sehemu ya BIOS inaanzia wapi, na ubadilishe hiyo peke yake.

`flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin`

Flashrom huhakiki yenyewe, na neno VERIFIED mwishoni ndilo unalolingoja. Ukipata hitilafu ya uhakiki mahali palepale kila mara ilhali usomaji ulikuwa imara, chipu yenyewe imechakaa. Nunua nyingine ya namba ileile na volti ileile, iandike ikiwa nje, kisha uilehemu.

Picha imerudi, Windows haiwaki

Ingia kwenye mipangilio kabla ya yote. Rudisha hali ya diski ilivyokuwa: AHCI, RAID au VMD. Windows iliyowekwa chini ya moja hugoma chini ya nyingine na kuonyesha skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Usiiweke Windows upya kwa sababu hiyo. Badilisha mpangilio, itawaka. Kama Windows yako ni ya zamani, iliyowekwa kwenye diski ya MBR, washa CSM. Panga upya diski ya kuanzia. XMP au EXPO, yaani mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM, iache kwanza, uiwashe baada ya siku moja ya utulivu.

BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski, ikiuliza ufunguo, ni wa tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bodi za AMD huweza kuuliza kuhusu fTPM, hifadhi ya funguo za usalama: Y huifuta, N huiacha ilivyo. Bonyeza N hadi uwe na ufunguo huo mkononi.

Ukiwa umetumia programa, fungua terminali uandike `ipconfig /all`. Anwani ya mtandao wa waya ikisomeka 88-88-88-88-87-88, MAC ya bodi imepotea. Ya kweli mara nyingi imechapwa kwenye stika ya bodi au ya boksi lake, na imo pia ndani ya ile zamani1.bin.